Je, Shahada ya Biashara Yaleta Kazi?

Katika ukurasa huu wa Kiswahili wa gazeti letu la shule nataka kujibu swali ambalo nilishindwa kulijibu siku nilipoulizwa.

Siku ya kutoa zawadi nilikuwa miongoni mwa wanafunzi wa zamani walioalikwa. Baada ya hotuba na chakula, kijana mmoja wa Kidato cha Nne alinifuata chini ya mwembe, akanisalimu kwa adabu, akasema, "Mzee, nasikia wewe ni mfanyabiashara wa nafaka pale Busia. Mimi nataka kusoma biashara katika chuo kikuu. Je, nikimaliza nitapata kazi?" Nilimjibu upesi, "Soma kwa bidii, mwanangu, kazi zipo." Akashukuru, akaenda zake. Lakini nilipokuwa nikirudi nyumbani moyo ulinisuta, maana nilijua nimempa jibu la kumwondoa tu. Na mimi nina sababu yangu ya kusutwa, kama mtakavyosikia baadaye. Basi kijana huyo na asome hapa, na wenzake wasome pamoja naye, na sisi wazee wa shule tusikilize pia, maana maneno mengine yatatuhusu sisi kuliko wao.

Kwanza yafaa tukumbuke tulikotoka. Marehemu baba yangu alikuwa karani wa reli katika stesheni ya Tororo. Reli ile ilifika Kampala mwaka 1931, nayo Tororo ikawa njia panda, kwa kuwa hapo ndipo linapoanza tawi la kwenda Mbale na Soroti. Katika miaka ya 1950 kiwanda cha saruji kikajengwa papo hapo Tororo, na mizigo ikazidi. Mtu aliyeweza kusoma hati ya mzigo, kujumlisha tarakimu bila kosa na kupiga chapa barua alitafutwa kama dhahabu. Baba hakuwa na shahada yoyote, alikuwa na cheti cha shule tu. Aliandika barua moja, akajibiwa, akaanza kazi. Na Uganda ilipopata uhuru mwaka 1962, na Kenya mwaka 1963, viti vingi vya maofisini vikawa wazi kwa mara moja. Tangu mwaka 1963 mpaka 1970 Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa na Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki, chenye matawi yake Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Wenye shahada walikuwa wachache, na kazi ndiyo iliyowatafuta wao.

Wazazi wengi bado wana picha ile ya zamani vichwani mwao. Mtoto akipata barua ya kuingia chuo kikuu, ng'ombe huuzwa, na jamaa hukusanyika kumchangia wakiamini kwamba baada ya miaka mitatu au minne atakaa kwenye kiti na kuwalipia wadogo zake karo. Siwacheki hata kidogo, maana waliona kwa macho yao kwamba mambo yalikuwa hivyo. Lakini hata kazi ya baba, iliyoonekana imara kama mwamba wa Tororo, ilikuja kwisha. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, shirika la reli likagawanywa vipande, na baba akavuka mpaka kurudi kwetu na sanduku lake la bati na godoro. Nilikuwa mtoto, lakini nakumbuka alivyoliweka sanduku lile chini bila kulifungua kwa siku nyingi.

Sasa tutazame mambo ya leo. Vyuo vimekuwa vingi, na hilo ni jambo jema. Shule ya Biashara ya Chuo Kikuu cha Makerere, iliyoko Nakawa, ilianzishwa mwaka 1997. Hapa jirani, kwenye barabara ya Tororo kwenda Jinja, Chuo Kikuu cha Busitema kilianzishwa mwaka 2007, nacho kinafundisha uongozi wa biashara katika tawi lake la Pallisa. Upande wetu wa Busia, Alupe ilipata hati yake ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2022. Kijana wa mpakani leo anaweza kusoma shahada na kurudi kulala kwa mama yake. Jambo hilo baba yangu hakuliota.

Lakini vyuo vikiongezeka, viti vya ofisini haviongezeki kwa mwendo huo huo. Hesabu za serikali ya Kenya zaonyesha kwamba mwaka 2024 zilipatikana nafasi mpya za kazi 782,300, bila kuhesabu ukulima mdogo. Kati ya hizo, 703,700 zilikuwa za jua kali, yaani vibanda, karakana, masoko, bodaboda na biashara ndogo ndogo. Zilizobaki hazifiki 80,000, na hizo ni kwa nchi nzima na kwa kila ujuzi: walimu, wauguzi, wahandisi, askari, na hao wasomi wetu wa biashara pia. Basi kila aliyesoma biashara akiwa na nia ya kuingia benki tu, ajue kwamba wako wengi mlangoni, na mlango ni mwembamba.

Kwa hiyo jibu langu la kwanza kwa yule kijana ni hili: shahada peke yake haikupi kazi. Hata hivyo nisingependa aichukue kauli hiyo kwa upande mmoja, aende kuwaambia wazazi wake kwamba kusoma ni bure. Wako vijana waliosoma darasa moja, wakapata alama zinazokaribiana, na mwaka mmoja baadaye huyu ana kazi na yule hana. Nimejaribu kuchunguza sababu kati ya watoto wa marafiki zangu wa pande zote mbili za mpaka, nami naona kwamba mara nyingi tofauti ilianzia katika ile miezi michache waliyotumwa nje ya chuo kujifunza kazi.

Katika vyuo vingi mwanafunzi wa biashara hutumwa nje kwa miezi miwili au mitatu ajifunze kazi kwa kuitenda. Kwetu Kenya wengi huita atachimenti, na wenzetu wa Uganda huita intanshipu. Mimi nitatumia jina la zamani, uanagenzi. Mwanagenzi hupewa daftari la kuandika kazi zake za kila siku, msimamizi hulitia sahihi na muhuri, na mwalimu wa chuo huja kumtazama mara moja au mbili. Kwa maandishi ni mpango mzuri sana. Wahenga walisema kwamba elimu bila amali ni kama nta bila asali, na hapa ndipo asali ilipotakiwa kupatikana.

Lakini mambo yanavyokwenda nimeyaona. Wako wanaopata nafasi nzuri kwa sababu mjomba yuko ofisini Kampala au Nairobi, nao hufundishwa na kurudi na marafiki watakaowaita kazini. Hao ni wachache. Wengi hupata nafasi ya jina tu. Hutumwa kununua mandazi, hutoa nakala za karatasi wasizozisoma, huketi kwenye benchi hadi saa kumi, kisha huandika katika daftari, "Leo nilisaidia idara ya hesabu." Tena wako wanaokata tamaa kabisa, wakatafuta mtu wa kuwapigia muhuri kwa fedha kidogo, wakakaa nyumbani miezi yote mitatu. Huo ni udanganyifu, nami siutetei. Lakini tujiulize kijana huyo amezunguka maofisi mangapi kabla ya kufika hapo, na nauli yake ilitoka wapi. Katika mahali pengi mwanagenzi halipwi hata chakula cha mchana. Mtoto wa maskini aliyepanga chumba mjini hawezi kufanya kazi miezi mitatu bila kula, kwa hiyo nafasi nzuri humwendea yule ambaye tayari anacho.

Sasa nifike kwenye lile lililonisuta. Mwaka 1986 nilitoka shule hii, nikajaribu mambo kadha wa kadha, na mwishowe nikafungua ghala la nafaka Busia. Nanunua mahindi na maharagwe upande wa Uganda, nauza upande wa Kenya. Mwezi wa Juni mwaka 2019 rafiki yangu mmoja wa Tororo aliniomba nimpokee binti yake, aliyekuwa akisomea biashara chuoni, afanye uanagenzi wake kwangu. Nikakubali kwa ajili ya urafiki. Binti alikuwa anafika saa moja na nusu kila siku, akitoka Tororo kwa matatu. Nilimpa kazi ya kupanga stakabadhi za zamani ndani ya maboksi na kupika chai.

Siku moja, yalipokuwa yakishushwa mahindi mapya ya msimu wa kwanza, alinijia akauliza, "Mzee, mahindi haya tunayapima unyevu kwa kitu gani?" Nikacheka mbele ya wapagazi, nikamjibu, "Binti yangu, hapa tunapima kwa meno." Na kweli ndivyo tulivyofanya miaka yote: unauma punje, ukisikia imelia unanunua. Akasema kwa upole kwamba darasani wamefundishwa kuwa kipimo cha Afrika Mashariki hakiruhusu unyevu kuzidi asilimia 13.5, na kwamba mahindi mabichi yakifungiwa huota kuvu yenye sumu iitwayo aflatoksini. Akaniuliza kama angeweza kuandika katika daftari unyevu wa kila shehena, nami ninunue kipimo. Nikamwambia aangalie maji ya chai yasije yakakauka. Wapagazi wakacheka tena. Hakuuliza jambo lingine mpaka miezi yake ilipokwisha.

Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania yasiingie, kwa sababu ya sumu ile ile. Baada ya siku chache zuio likaondolewa, lakini kwa masharti: kila mwingizaji aandikishwe, na kila shehena iwe na hati ya kuonyesha kwamba sumu haizidi sehemu 10 katika bilioni moja. Mimi sikuwa na hati, sikuwa na kipimo, sikuwa na daftari. Magunia yangu yalikaa upande wa Uganda mpaka nikayauza kwa bei ya hasara. Fedha zile ziliniuma, lakini siyo hasara niliyotaka kuwasimulieni.

Mwaka huo huo yule binti alikuwa amemaliza chuo. Aliniandikia kwamba kampuni moja ya kununua nafaka yataka msaidizi, na akaniomba barua ya kueleza kazi aliyoifanya kwangu. Niliketi na kalamu nusu saa nzima. Niandike nini? Niliandika kwamba alikuwa mwaminifu, mwenye tabia njema, na alifika kazini kwa wakati. Sikuwa na neno jingine, maana sikumpa kazi nyingine. Baadaye nilisikia kwamba nafasi ile alipewa kijana aliyekuja na daftari la bohari aliloliandika yeye mwenyewe wakati wa uanagenzi wake, likionyesha mizigo iliyoingia, iliyotoka na iliyoharibika. Siwezi kuapa kwamba barua yangu ndiyo iliyomkosesha binti huyo kazi. Lakini kampuni ilitaka mtu anayejua unyevu wa mahindi, naye alikuwa akiujua kabla yangu mimi, na mtu pekee ambaye angeweza kulishuhudia hilo alikuwa amemcheka. Leo ana kibanda cha kutuma na kupokea fedha kwa simu hapo Tororo. Ni kazi ya halali, nami siidharau, ila siyo aliyoisomea. Nikipita hunisalimu, "Shikamoo, Mzee," na salamu hiyo hunichoma kuliko matusi.

Ndugu zangu wanafunzi wa zamani, najua kwamba siko peke yangu. Wengi wetu tuna maduka, maghala, ofisi za uwakala wa forodha, mashamba, vyama vya akiba na mikopo. Huwa twalalamika kwamba vijana wa siku hizi wana vyeti lakini hawajui kazi. Je, walipokuja kutaka kujifunza kazi, tuliwapa nini? Mtu hawezi kuvuna asichopanda.

Tena sisi wa mpakani tuna shule ya biashara ambayo hata vyuo vya mbali vingeitamani. Neno lenyewe la bodaboda wengi husema limetoka hapa kwetu, katika miaka ya 1960, wakati vijana wa baiskeli walipokuwa wakiwapakia abiria kutoka kituo cha forodha cha upande mmoja hadi cha upande wa pili, wakiita "boda, boda!" Waliona mtu aliyechoka na mzigo, na mwendo wa kutembea kwenye jua, wakajua hapo pana haja na pana fedha. Hiyo ni elimu ya soko iliyo kamili, na leo jina lao lajulikana kote Afrika Mashariki.

Na watazameni mama zetu wanaovusha bidhaa. Tuchukue mfano wa mama anayenunua mayai Uganda na kuyauza Kenya. Tuseme amenunua trei 100 kwa shilingi 9,000 za Uganda kila moja, jumla 900,000. Ikiwa shilingi moja ya Kenya ni 28 za Uganda, mtaji wake ni kama shilingi 32,143 za Kenya. Akiuza trei kwa 380, angepata 38,000. Mtu asiyejua atasema, "Faida ni 5,857, mama huyu ni tajiri!" Lakini toa 2,000 za gari. Toa trei tatu zilizovunjika njiani, ambazo ni 1,140. Toa 300 za ushuru wa soko. Inabaki 2,417. Haya, sasa anakwenda kwa wabadilishaji fedha ili anunue tena, nao siku hiyo wanampa 27 badala ya 28. Ili apate zile 900,000 atahitaji shilingi 33,333, yaani 1,190 zaidi. Karibu nusu ya faida yake imekwenda kwa tarakimu moja tu. Mama huyu aijua hesabu hiyo kichwani, ila hajapata kuiandika, na kwa kuwa hajaiandika hawezi kumwonyesha mtu wa benki anapoomba mkopo. Kijana wa chuo anayejua kuandika hesabu, lakini hajapata kununua hata yai moja, wangekaa pamoja wiki nne tu, wote wawili wangeinuka wakiwa na faida.

Yako na mengine. Mwaka 2018 Marais wa Kenya na Uganda walifungua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani hapa Busia, ambapo maofisa wa nchi zote mbili hukaa katika jengo moja na msafiri husimama mara moja tu. Bidhaa za Afrika Mashariki zenye thamani isiyozidi dola 2,000 hupewa hati nyepesi ya asili, ili mfanyabiashara mdogo asilipe ushuru wa forodha. Wengi wanaovuka kila siku hawaijui hati hiyo, au huiogopa, wakapita njia za panya na kupoteza mali yao. Kwa nini mwanagenzi asikae na chama cha mama hao, akawajazia na kuwafundisha kuijaza? Tena tukumbuke kwamba tangu mwaka 2014, mpango wa forodha moja ulipoanza, kodi za mizigo mikubwa hutozwa mapema, mizigo ikiwa bado Mombasa, na karatasi hupita kwa kompyuta. Mawakala wengi wa Malaba na Busia waliozoea kubeba mafaili kutoka dirisha hadi dirisha walipungukiwa na kazi. Waliosalimika ni wale waliojifunza upesi mambo mapya. Kijana anayetaka kazi ya forodha asijifunze ile iliyokwisha pita.

Najua kuna watakaosema, "Huyu naye anataka kuwaambia watoto wetu waliosoma wakauze mayai." La, sivyo. Nami nimechoka na wakubwa wenye mishahara ambao kila wakisimama jukwaani huwaambia vijana, "Jiajirini," kisha hushuka na kuingia katika gari la serikali. Kujiajiri kwataka mtaji, na mtaji hautoki mbinguni. Kijana asiye na shamba lenye hati hana cha kuweka rehani. Biashara ndogo nyingi hufa zikiwa changa, na hasara ya kijana maskini humwangukia mama yake. Basi tusiwadanganye kwa neno hilo kama tulivyowadanganya kwa lile la kwamba kazi zipo. Ninalosema ni kwamba mtu aliyeijua biashara ndogo kwa mikono yake ndiye anayefaa hata katika kampuni kubwa, maana anajua kila tarakimu ilivyozaliwa. Akiajiriwa atafaa. Akikosa kuajiriwa hatakuwa amekosa yote.

Kwa hiyo natoa shauri langu, nanyi mlipime.

Kwanza, chama chetu cha wanafunzi wa zamani kiandike daftari la majina ya wote walio na duka, ghala au ofisi katika Busia zote mbili, Malaba na Tororo. Kila mmoja aahidi kumpokea mwanagenzi mmoja kwa mwaka, awe alisoma shule yetu au ni dada wa aliyesoma. Mpaka usiwe kizuizi, maana tangu mwaka 2014 Mkenya na Mganda huvuka kwa kitambulisho cha taifa tu.

Pili, anayempokea akubali masharti matatu. Ampe kazi moja iliyo yake mwenyewe, yenye mwanzo na mwisho, kama vile kuandika daftari la bohari kwa miezi miwili. Amjibu maswali yake, hata yale yanayomwonyesha mwenye ghala kuwa hajui. Na ampe nauli na chakula cha mchana. Asiyeweza kumlisha mtu anayemfanyia kazi, asimpokee.

Tatu, mwishoni amwandikie barua inayotaja kazi aliyoifanya, kwa idadi na tarehe. Tabia njema itajwe pia, lakini isiwe peke yake kama katika ile barua yangu.

Nanyi wanafunzi mlio madarasani, msingoje mpaka mfike chuoni. Likizo ijayo, nendeni kwa shangazi mwenye kibanda, mwombeni kuandika mauzo yake ya mwezi mmoja. Mkifika chuo kikuu, anzeni mapema mitihani ya uhasibu inayotambuliwa na waajiri. Kenya ina baraza lake la mitihani hiyo, KASNEB, tangu mwaka 1969, na Uganda ina taasisi yake ya wahasibu tangu mwaka 1992. Jifunzeni kuandika barua safi ya Kiswahili na ya Kiingereza. Wala msione haya kusema Kiteso, Kisamia au Kidhopadhola sokoni, maana mteja hununua kwa anayemwelewa. Na mkipewa chai ya kupika, pikeni vizuri, kisha ulizeni swali lenu hata kama wapagazi watacheka.

Mwaka jana nilikwenda Tororo mpaka kwenye kile kibanda, nikamwomba yule binti radhi. Alisikiliza bila kuinua macho, huku akihesabu fedha za mteja. Alipomaliza akatabasamu kidogo, akauliza, "Siku hizi mnapima kwa nini, Mzee?" Nikamwambia nimenunua kipimo, na kwamba daftari la unyevu lipo, ila mwenye kuliandika vizuri hayupo. Tukapatana. Siku mbili kwa juma hufunga kibanda mchana, akaja Busia kuniandikia hesabu za ghala kwa malipo. Mshahara wa ofisini haujafikia hapo, nami sijisifu kwa jambo ambalo lilipaswa kufanyika mwaka 2019. Lakini sasa akiomba barua, nina la kuandika.

Basi, kijana wangu wa Kidato cha Nne, jibu langu ni hili. Soma biashara ukiipenda. Shahada itakupeleka mpaka mlangoni. Kukuingiza ndani kutatokana na kazi uliyoifanya na mtu atakayeishuhudia. Kazi hiyo ni juu yako wewe, na ushuhuda huo ni juu yetu sisi. Likizo ikianza njoo ghalani, uliza kwa mtu yeyote hapo barabara ya forodha, watakuonyesha. Nauli na chakula vipo, na daftari jipya liko mezani.

Wasalaam,
Mwanafunzi wenu wa zamani, Busia.